Mume wangu anadhani nimerudi na jini kutoka Muscat

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, mkazi wa Makorora hapa Tanga, nina mume na watoto wawili. Kwetu ni Muheza, Mbondei, nimebatizwa na kupata kipaimara Anglikana, na mume wangu hivyo hivyo. Natanguliza hayo usije ukanidhania mtu wa kurukaruka dini kila mwaka.

Nilikuwa Muscat miaka mitatu, kazi za ndani. Nyumba ilikuwa kubwa na wafanyakazi tulikuwa wawili, mimi na dada mmoja wa Sri Lanka, mpishi, Mbuddha, amenizidi kama miaka 15. Tulilala chumba kimoja cha juu karibu na matangi ya maji. Yeye Kiswahili hajui, mimi Kisinhala sijui, tuliongea Kiarabu cha jikoni, kile cha lete na ondoa na bado. Mwaka wa pili baba yangu akafariki. Ruhusa ya kuja kumzika sikupewa. Nilimsikia mama kwenye simu, nikasikia na watu wanaimba nyuma yake, basi, mazishi yangu ndiyo hayo.

Baada ya hapo usingizi ukakatika. Usiku nalia, mchana nafua huku naona giza. Yule dada hakunihubiria hata siku moja. Usiku mmoja alinikalisha kitandani, akachukua kidole changu akakiweka chini ya pua yangu mwenyewe, akasema kwa Kiarabu chake: inaingia, inatoka, tazama hiyo tu. Nikimfikiria baba, nirudi hapo. Nikimfikiria mwajiri, nirudi hapo. Mwanzo niliona ni upuuzi. Wiki ya tatu nililala saa tano mfululizo, Shangazi, mpaka nikachelewa kuamka nikagombezwa.

Ndipo nikaanza kumtazama anavyoishi. Kila mwezi mpevu alivaa blauzi nyeupe chini ya sare, na jua likishapita utosini hali kitu mpaka kesho yake asubuhi, ni chai ya rangi tu. Akiona mende jikoni anamfunika kwa glasi, anapitisha karatasi chini, anamtoa nje kwa dirisha. Nilimcheka sana. Mwisho na mimi nikawa natoa mende kwa glasi. Aliniambia miiko yao ni mitano: kutoua, kutoiba, kutozini, kutosema uongo, kutolewa. Nikamwambia hata kwetu hayo yapo. Akasema vizuri, basi yashike. Na usiku wa sikukuu yao kubwa, Vesak, ilikuwa mwezi wa tano, tulipanda juu ya paa na taa ya karatasi aliyoitengeneza kwa mfuko wa unga, akatamka maneno ya lugha ya dini yao, nami nikafuatisha mara tatu. Maana yake sikuijua. Nilijisikia mwepesi, nikatamka.

Siku naondoka alivua uzi mweupe aliotumiwa na mama yake kutoka kwao, akanifunga mkononi. Huo uzi ndio ulioleta vita.

Nimerudi mwaka jana. Nimeendelea kukaa na pumzi kila siku saa kumi alfajiri, kabla sijaenda soko la Deep Sea kununua samaki. Nyumba yetu ni ndogo na mama mkwe anaishi nasi, kwa hiyo nakaa stoo, mlango nimefunga, taa siwashi. Mume wangu ni seremala, mtu mpole. Alfajiri moja alinitafuta, akafungua mlango akanikuta nimekunja miguu juu ya kipande cha godoro, macho nimefumba, uzi mweupe mkononi. Aliniita, sikuitika papo hapo. Unaijua Tanga, Shangazi. Mwanamke katoka Uarabuni, yuko stoo gizani, ana uzi. Hakupiga kelele. Alirudishia mlango taratibu kama anayefunga chumba cha mgonjwa. Sasa amehamishia godoro karakana, anasema analinda mbao.

Nilimwambia nilikuwa nasali. Hakuniamini, na kweli nilikuwa nadanganya. Mama mkwe naye alipoona siku za mwezi mpevu sili jioni, nilimwambia nina vidonda vya tumbo. Masikini ananipikia uji mwepesi, ananinunulia maziwa kwa pesa yake ya kuuza vitumbua. Sasa wamegawanyika: mume anataka kikundi cha maombi kije nyumbani kukemea, mama mkwe anasema maombi yatafuata, kwanza kuna mzee njia ya Pangani anayejua majini ya Uarabuni na lugha yao.

Bado riziki. Nanunua samaki mnadani, nakaanga, jioni nauza Ngamiani. Hao wamekwisha kufa, hawanisumbui sana. Ila faida yenyewe iko kwenye kaa. Kaa wa mikokoni wanakuja hai, wamefungwa kamba, na wateja wangu wa Raskazone wanawataka wamechemshwa siku ileile. Kabla ya Muscat nilikuwa nawatumbukiza huku naimba. Sasa wakikwaruza sufuria nasikia mpaka kwenye meno. Kwa hiyo nimemwachia binti anayenisaidia, yeye anawatia, mimi natoka nje nasubiri kelele ziishe. Kuacha siwezi, mkubwa yuko kidato cha pili na michango haiishi.

Je, mimi bado ni Mkristo? Mume nimwambie nini akaamini? Na kaa niwafanyeje? Uzi nimeuvua, nimeuficha ndani ya kopo la chumvi.

Mwenye Uzi, Tanga

Marahaba, mwanangu. Na pole kwa baba. Umempitisha kwa mistari michache kama mtu anayepita mbele ya nyumba asiyotaka kuingia, kwa hiyo nitamrudia mwishoni.

Mimi ni Mwislamu, mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Ngamiani. Ubuddha si dini yangu, na sitakufundisha kuufuata wala kuuacha. Lakini nilipofundisha Dar es Salaam nilipanga jirani na familia ya Wasinhala, Wabuddha wa Sri Lanka, nikala kwao, nikawauguzia mtoto, nikaona mengi. Barua yako imenirudisha kwenye daftari. Ninachokijua nitakisema, fatwa sitoi.

Toa uzi kwenye chumvi. Leo, kabla hujamaliza kusoma. Unawaondolea watu hofu ya uchawi kwa kuweka uzi mweupe ndani ya kopo la chumvi? Siku mama mkwe akichota ya mchuzi akautoa, hata mimi nisingebaki kwenye nyumba hiyo, na mimi ndiye ninayekutetea.

Nao uzi wenyewe ni hivi. Kule Sri Lanka watawa hukaa wakisoma pirit, ni maneno ya Buddha yanayosomwa kwa ajili ya baraka na kinga. Uzi mrefu mweupe hupitishwa mikononi mwa wasomaji na wasikilizaji wakati kisomo kinaendelea, na kikiisha hukatwa vipande, kila mtu akafungwa mkononi. Kwa hiyo mumeo hakukosea sana, tusimfanye mjinga. Ni kitu cha kinga, na mtu wa Tanga akiona kinga anauliza umekingwa na nini na nani kakufunga. Hayo ni maswali halali. Jibu lake ni kwamba mama mmoja alimwombea binti yake aliyekwenda kufanya kazi nchi za watu, na yule binti akaona wewe unauhitaji kuliko yeye, akakuvulia. Mumeo angelisikia hilo siku ya kwanza, sidhani kama godoro lingehamia karakana.

Hajalisikia kwa sababu umemfungia mlango. Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta jini, nikamkuta mmoja tu, ni huo mlango wa stoo. Mtu akikaa kimya mbele ya watoto wake sebuleni, siku ya kwanza watamshangaa, siku ya pili watamcheka, siku ya tano mdogo atakuja kukaa pembeni yake dakika mbili kisha aombe chai. Akikaa kimya gizani nyuma ya komeo, hata angekuwa anahesabu vitunguu, atahesabiwa mchawi. Yule mpishi wenu alikuwa amejificha? Alivaa nyeupe, alikataa chakula cha jioni mbele yako, alimtoa mende kwa dirisha ukimcheka. Wewe umechukua pumzi yake ukaacha uwazi wake.

Kuna kisa cha Buddha na mwanawe, Rahula, aliyeingia utawani angali mtoto. Siku moja baba alimtembelea, mtoto akamwekea maji ya kunawa miguu. Buddha akanawa, akabakisha kidogo chini ya chombo (mimi nakiona ni kata, kifuu chenye mpini), akamwuliza, unayaona haya maji yalivyo haba? Hivyo ndivyo ulivyo haba utawa wa mtu asiyeona haya kusema uongo kwa makusudi. Akayamwaga yale kidogo: hivyo ndivyo unavyomwagwa. Akakipindua chombo. Kisha akakionyesha kitupu. Akamwambia ajifunze kutosema uongo hata kwa mzaha.

Sasa, umekwenda Muscat ukarudi na miiko mitano. Wa kwanza umeushika kwa nguvu zote hadi kaa wanakuuma meno. Wa nne unauvunja kila mwezi mpevu mbele ya mama mkwe, na mwenzio anakamua pesa ya vitumbua akununulie maziwa ya ugonjwa usiokuwapo. Sikusuti, mwanangu, najua uongo huu ulianza kama mto wa kulalia. Lakini ukipima, chakula cha jioni ulichokiacha na maziwa ya huyu mama uliyoyanywa kwa udanganyifu, kipi kizito? Mwambie. Mwambie, mama, sina vidonda, ni funga niliyojifunza kwa mwenzangu, niliogopa utanifikiriaje. Atakasirika. Kisha ataanza kukuuliza unafunga vipi mtu unakunywa chai ya rangi, na hapo mtakuwa mmeshaanza kuongea dini, jambo ambalo wakwe wa Pwani wanaliweza kuliko mganga yeyote wa njia ya Pangani. Huko usiende. Hakuna cha kutoa, utatozwa pesa ya kaa wa miezi mitatu.

Hao kaa ndio walionikalisha kitako.

Nianze na lililo chungu. Umemwachia binti. Anawatumbukiza yeye, wewe uko nje mikono safi. Mwanangu, kwa mafundisho hayohayo uliyoyapenda, anayeagiza kuua hajatoka kwenye kuua. Buddha alisema nia ndiyo anayoiita karma, yaani tendo linalomrudia mtendaji. Nia ya hao kaa kuingia sufuriani ni ya nani? Wewe ndiye uliyewanunua, wewe ndiye mwenye mteja, wewe ndiye uliyesema "watie." Binti hana nia, ana ujira. Na je, umewahi kumwuliza yeye husikia wapi kelele zile, kama wewe unasikia kwenye meno?

Palikuwa na kijana, Sigala, wa mji wa Rajagaha. Alikuwa akiamka asubuhi, nguo na nywele zikiwa bado mbichi kwa kuoga, akisujudia pande sita: mashariki, kusini, magharibi, kaskazini, chini na juu. Buddha akamkuta, akamwuliza kwa nini. Akajibu kwamba baba yake aliusia hivyo alipokuwa anakufa. Buddha hakumwambia aache. Alimwambia pande hizo ni watu: mashariki ni wazazi, kusini ni walimu, magharibi ni mke na watoto, kaskazini ni marafiki, juu ni watu wa dini, na chini ni wale wanaokufanyia kazi. Kisha akataja haki za kila upande. Haki za hao wa chini ni kupangiwa kazi kwa kadiri ya nguvu zao, kupewa chakula na ujira, kuuguzwa wakiugua, kugawiwa kitu kitamu kikipatikana, na kupewa ruhusa kwa wakati wake.

Soma hilo la mwisho tena. Wewe ulinyimwa hilo la ruhusa, ukazika baba kwa simu. Sasa wewe ndiye tajiri wa mtu, na kitu unachokiona ni kibaya mno kwa mikono yako umekiona kinafaa mikono yake. Sisemi wewe na yule mwajiri ni kitu kimoja. Nasema binti atoke kwenye lile sufuria kesho.

Basi kaa wafanyweje? Ushauri wangu, acha kaa hai, na uwaache kwa hesabu. Keti na mumeo na daftari mwone kaa wanaingiza ngapi kwa mwezi baada ya mkaa, barafu na nauli. Wafanyabiashara wengi wadogo wakiandika hivyo kwa mara ya kwanza hushangaa, wengine kwa furaha, wengine vibaya. Kisha mpunguze, si mkate ghafla, mwana yuko shule. Wewe ni mtoto wa Muheza, unashindwaje kujua machungwa? Msimu ukifika mjini watu wanakunywa juisi kila kona, na chungwa halikwaruzi.

Nisikufiche kuhusu samaki wa mnadani pia, kwa sababu umewapita haraka kidogo. Ni kweli amekwisha kufa wakati unamnunua, hukumuua wala hukuagiza. Lakini Buddha aliwatajia wafuasi wake wa majumbani biashara tano za kuepuka: silaha, binadamu, nyama, vilevi na sumu. Nyama imo. Anayekuambia samaki hawamo anataka kukufurahisha. Wakati huohuo pwani ya kusini ya Sri Lanka, vijiji vya wavuvi Wabuddha vipo, wanatoka baharini, wanarudi, mwezi mpevu wanavaa nyeupe wanakwenda hekaluni. Jirani yangu wa Dar alitoka pwani hiyo. Nilimwuliza mkewe mnafanyaje, akacheka akasema, "Tunajua." Wala hakuongeza neno. Nimelifikiria jibu lile miaka mingi. Hakujidai msafi, wala hakuiacha njia kwa sababu hajafika mwisho wake. Kaanga samaki wako, ukijua.

Mbu nao hukuwauliza ila nakuona unawafikiria. Lala ndani ya chandarua, mwanangu, na watoto pia, hapo hakuna anayekufa upande wowote.

Unauliza kama bado ni Mkristo. Hapa nakwenda polepole kwa kuwa mimi si padri wako. Kukaa na pumzi peke yake hakukutoi popote. Mwaka 1979 Mmarekani mmoja, Jon Kabat-Zinn, alianza kuwafundisha wagonjwa wa hospitali ya chuo kikuu huko Massachusetts namna ya kukaa hivyo kwa ajili ya maumivu na msongo, dini akaiweka kando kwa makusudi, na leo watu wa kila imani wanafanya hivyo. Miiko mitano nayo sioni padri wa kuikataa, labda atatabasamu kwenye kilevi. Lakini yale maneno ya juu ya paa ni jambo jingine. Kama nilivyowasikia majirani zangu wakiyasema, maana yake ni: ninakimbilia kwa Buddha, ninakimbilia kwa Dhamma, yaani mafundisho yake, ninakimbilia kwa Sangha, jumuiya ya watawa. Mara tatu, kama ulivyosema. Kwa hayo ndipo mtu anapojiita Mbuddha. Na mafundisho yale hayakujengwa juu ya Mungu Muumba kama yangu na yako, usikubali mtu akuambie yote ni mamoja ili mjadala uishe.

Hata hivyo ndoa haifungwi kwa lugha usiyoijua. Ulitamka kwa msiba na kwa upendo wa mtu aliyekushika mkono. Sioni kama umeolewa huko, naona ulikaribishwa. Sasa unaijua maana. Ukitaka kuyasema tena, yaseme macho wazi na mumeo akijua. Usipotaka, yaache, pumzi itabaki yako. Huna haja ya kuamua kabla ya Pasaka. Nenda kwa padri umweleze kisa kizima, na usimwambie ni "mazoezi tu" kama moyoni si mazoezi tu. Ukitaka kuuliza wenyewe, Dar, mtaa wa Upanga, kuna hekalu la Wabuddha la tangu enzi za mkoloni, Wasinhala waliokuja kufanya kazi ndio waliolianzisha. Pana watawa, na pana mti wa Bodhi, ule wa aina aliyokaa chini yake Buddha alipoamka, yaani alipoufikia ukweli. Ni ndugu wa mkuyu, mnene na wa kivuli, mama mkwe akiuona atasema una wenyewe. Vaa nguo za staha, vueni viatu mlangoni, na nimesema vueni kwa kuwa hutakwenda peke yako.

Narudi kwa baba. Katika barua yote hukusema kama mumeo anajua usiku zile za Muscat. Anajua ulirudi na uzi. Je, anajua kwamba uliwasikia watu wakiimba kaburini kwenye simu ya mkononi, juu ghorofani karibu na matangi, na asubuhi yake ukaenda kufua? Nadhani hajui. Mtu anayekupenda ukimwanzia habari ya Buddha atasikia dini ngeni imeingia nyumbani. Mwanzie pale. Mwambie usingizi ulivyokatika, mwambie kidole chini ya pua. Ukifika kwenye pumzi atakuwa ameshajua ilikuja kufanya nini.

Jirani yangu wa Dar, mama yake alipotimiza mwaka kaburini, aliwalisha watawa, kisha akakaa chini na ndugu zake wote, wameshika birika moja pamoja, wakamimina maji taratibu kwenye kikombe kilichowekwa juu ya sahani mpaka kikombe kikafurika, huku watawa wakisoma. Ni kumpelekea marehemu thawabu ya sadaka ile. Mimi niliona hitima. Mkewe alinitengea sahani ya wali, nikala nikamwombea mama wa watu kwa Kiarabu changu, na hakuna aliyeuliza.

Kaburi la baba yako lipo Muheza na hujanieleza kama umelikalia hata nusu saa tangu urudi. Mwezi mpevu wavuvi wa dagaa wa taa hawatoki, Deep Sea inakuwa nyepesi, huo ndio wakati wako. Nendeni wewe na seremala wako. Funga uzi mkononi, aende ameuona. Mkifika mwambie akae kidogo mbali nawe, ukae kimya chako mchana kweupe, macho yake yakikutazama, na ukimaliza umwite yeye mwombe pamoja Baba Yetu, kama ndivyo mlivyozoea. Daladala za asubuhi zinawahi kujaa, tokeni mapema, na mama mkwe mletee machungwa.